Ipeni Printa Anwani Isiyohama

Ndugu zangu, nitayarudia leo niliyokwisha kuyasema mara nyingi, na nitayarudia hadi yashike: printa ya mtandao ipewe anwani ya IP isiyobadilika, tena siku ileile inapofungwa. Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, na rauta ndiyo inayogawa namba hizo; zaidi ya hapo hatutapoteza muda huko.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Printa inatolewa kwenye boksi, inachomekwa kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, na DHCP ya rauta, yaani huduma inayogawa anwani yenyewe, inaipa 192.168.1.37. Kompyuta zote zinaelekezwa kwenye 37, karatasi ya majaribio inatoka, watu wanaondoka. Kisha inakuja likizo, printa inazimwa siku kadhaa. Rauta ilikuwa imeipa anwani ile kwa muda maalumu, na kwenye rauta nyingi muda huo ni saa 24. Muda ukiisha anwani inarudi kwenye fungu la anwani za kugawa, na simu ya mtu yeyote inaweza kuichukua. Printa ikiwashwa inapewa 52. Kompyuta hazina habari, zinaendelea kupeleka kazi 37. Foleni inajaa, skrini inasema printa haipatikani, na printa yenyewe iko pale mezani, taa ya kijani inawaka, haina kasoro yoyote.

Sasa anaitwa mtu. Anafanya nini? Anafuta draiva, ile programu ya kompyuta ya kuiendesha printa! Anapakua nyingine, anasakinisha upya, na kweli printa inachapa. Inachapa kwa sababu programu ya kusakinisha iliitafuta printa mtandaoni ikaikuta kwenye 52. Draiva haikuwa na kosa. Lakini kila mmoja ofisini anaondoka akiamini draiva ndiyo iliyoharibika, na printa ikihama tena, kazi ni ileile, kompyuta moja baada ya nyingine. Hili linanikera, kwa sababu kulizuia ni kazi ya dakika chache.

Mtu ataniambia: mbona yangu ina mwaka mzima na haijahama? Haijahama kwa sababu haijazimwa kwa muda mrefu. Kifaa kilichowashwa huomba kuongezewa muda unapofika nusu, na rauta hukubali, hivyo anwani inabaki ileile. Siku mtakapobadilisha rauta, au mtakapoirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, kumbukumbu ya anwani zote inafutika na mgao unaanza upya.

Njia ninayoipendelea ni kuitengea printa anwani ndani ya rauta. Chapeni ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe, msome anwani ya MAC, namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, zile herufi na tarakimu 12. Angalieni vizuri hapa: printa yenye waya na Wi-Fi ina anwani mbili za MAC. Mkichukua ya Wi-Fi wakati printa imechomekwa kwa waya, rauta haitaitambua, nanyi mtasema njia hii haifanyi kazi. Ingieni kwenye rauta kwa kivinjari, sehemu ya DHCP, muifunge MAC hiyo na anwani mnayotaka, tuseme 192.168.1.20, muhifadhi. Kisha zimeni printa na kuiwasha, maana haitachukua anwani mpya mpaka iombe upya. Chapeni tena ule ukurasa mhakikishe umeandikwa 20.

Njia ya pili ni kuiandika anwani kwenye printa yenyewe. Inafaa, ila sharti anwani iwe nje ya fungu la DHCP. Rauta nyingi hugawa karibu anwani zote, kuanzia 2 hadi 254, kwa hiyo punguzeni kwanza fungu lianzie 100 liishie 200, ndipo printa ikae 20. Msipofanya hivyo, rauta inaweza kumpa mwingine anwani hiyohiyo, na hapo mtapata tatizo baya kuliko la kuhama: printa inachapa asubuhi, inagoma mchana, inachapa tena jioni, kutegemea ni kifaa kipi kimejibu kwanza. Wapo wanaopiga ping, yaani kuiuliza anwani kama kuna kifaa kinachojibu, wakiona kimya wanasema anwani iko wazi. Kimya si ushahidi. Mwenye anwani hiyo anaweza kuwa laptop iliyozimwa iliyo kwenye begi.

Mkiandika kwa mkono, sabneti maski, namba inayoonyesha anwani zipi ni za mtandao mmoja, iwe sawa na ya kompyuta, kwa kawaida 255.255.255.0, na geti, mlango wa kutokea nje ya mtandao wa ofisi, iwe anwani ya rauta. Geti ikikosewa uchapaji ndani ya ofisi utaendelea vizuri, ila kutuma skani kwa barua pepe kutagoma, na watu watalaumu barua pepe.

Muda unanibana, mengine nayapitia haraka. Kwenye Windows fungueni sifa za printa, sehemu ya poti, yaani njia ambayo kompyuta inapelekea kazi kwenye printa. Mkikuta poti ya WSD, ile ambayo Windows huitafuta printa yenyewe, ongezeni poti ya TCP/IP, inayopeleka kazi moja kwa moja kwenye anwani, yenye anwani yenu mpya na muichague hiyo. Namba ya poti, yaani ya mlango ambao printa hupokelea kazi, kwa printa nyingi ni 9100. Draiva msiiguse. Printa ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, haijapata kitu kutoka DHCP, kagueni waya na swichi kabla ya jambo lingine. Kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi ya wageni kwa kawaida haitaiona printa hata anwani ikiwa sahihi. Na printa ikijibu ping huku Windows ikisisitiza haipatikani, nendeni kwenye mipangilio ya poti ileile, ondoeni tiki ya hali ya SNMP, njia ambayo Windows huiuliza printa hali yake, mjaribu kuchapa tena.