Nomino Ndiyo Inayochagua: Mhadhara kwa Walimu wa Kiingereza

Walimu wenzangu, hamjambo. Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Vihusishi vya Kiingereza". Naomba niigeuze kidogo kabla sijaanza: nitazungumzia nomino. Walionisikia Jinja na Mbale, hapahapa Uganda, wanajua ninakoelekea na nawaomba wanivumilie, kwa sababu kila nikiingia madarasani nakuta jambo lilelile ubaoni. Kuna orodha ndefu ya vihusishi, "in, on, at, by, for, with", watoto wanaiimba mpaka madirisha yanatikisika, na kesho yake mtoto anaandika "the reason of my absence". Mwalimu anakata kwa wino mwekundu, anaandika "for" juu yake, anaendelea na daftari linalofuata. Mtoto hajaelezwa chochote.

Mtoto huyo alikariri vizuri sana. Hakuambiwa tu kwamba katika Kiingereza kihusishi hakijipangii mahali pa kukaa. Mara nyingi kinachaguliwa na nomino iliyokitangulia. "Reason" inataka "for". "Cause", ambayo maana yake iko jirani kabisa, inataka "of". "Interest" inataka "in", "access" inataka "to". Ukimpa mtoto neno "access" bila "to" yake, umempa nusu ya neno, halafu unamwadhibu kwa kukosa nusu ambayo hukumpa.

Sasa tutazame kwetu. Sababu ya ajali, uharibifu wa barabara, ongezeko la bei, mahitaji ya sukari, ufunguo wa mlango, jibu la swali. Yote yameshikwa na -a unganifu, ile "ya, wa, la" inayounganisha nomino mbili, kinachobadilika ni ngeli tu. Kiganda ni hivyohivyo: ekisumuluzo ky'oluggi. Haya, yapelekeni yote sita kwenye Kiingereza: "the cause of the accident", "the damage to the road", "the increase in prices", "the demand for sugar", "the key to the door", "the answer to the question". Kwetu kiungo kimoja kimefanya kazi yote, kwao vimetumika vinne. Kwa hiyo mtoto anayeandika "the demand of sugar" amechukua "of" akaifanya -a, kama lugha ya mama yake ilivyomfundisha. Amefuata kanuni ya lugha nyingine kwa uaminifu, na mwalimu asiyeijua kanuni hiyo hawezi kumsaidia.

Najua kuna anayejiuliza: kwani Waingereza wangepungukiwa na nini wangetosheka na "of"? Lugha haikuundwa na kamati. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi mwishoni mwa nomino vilivyoonyesha nani ni mwenye kitu na nani anapewa. Viambishi hivyo vikafifia, hasa katika karne zilizofuata Wanormandi kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, kazi yao ikaangukia vihusishi na mpangilio wa maneno. Kilichosalia kwenye nomino ni ile "s" ya "the teacher's book". Na hiyo "of" yenyewe asili yake ni moja na "off", maana yake ya zamani ilikuwa "kutoka kwenye". Haikuzaliwa kuwa -a. Ilipanuka baadaye, na ilipofika ikakuta vihusishi vingine vimeshajikalia pembeni mwa nomino zao.

Nije kwenye lile ambalo nimelisema mpaka baadhi yenu mnaweza kulisema kabla yangu. "Discuss about". Mnalisikia redioni, mnalisikia kanisani, mnalisikia kwenye kikao cha wazazi: "Today we are going to discuss about school fees." Na ndugu zake wawili, "emphasise on" na "request for": "The minister emphasised on hygiene", "We request for your support". Watu wanasema huu ni uzembe. Mimi nakataa, na nitakataa mpaka mnichoke.

Kitenzi cha Kiingereza kinaweza kushika yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, moja kwa moja: "We discussed the fees." Nomino haina mkono huo. Huwezi kusema "our discussion the fees". Lazima kihusishi kije kuunganisha: "our discussion about the fees". Angalieni jinsi jambo hili lilivyo na utaratibu. "We request your support", lakini "our request for your support". "She emphasised hygiene", lakini "her emphasis on hygiene". "The district lacks doctors", lakini "the lack of doctors". "He answered the question", lakini "his answer to the question". "They contacted the parents", lakini "their contact with the parents". Kitenzi kikigeuka nomino, kirai kihusishi, yaani fungu la maneno linaloanza na kihusishi, kinazaliwa.

Mnaona sasa makosa yetu yametoka wapi? "About" ya "discuss about" ni ya "discussion". "On" ya "emphasise on" ni ya "emphasis". "For" ya "request for" ni ya "a request". Mtu amechukua mkia wa nomino akauning'iniza kwenye kitenzi. Hakuokota kihusishi chochote barabarani, amekichukua kilekile kinachostahili nomino ya neno hilohilo. Huyo ni mtu mwenye sikio zuri la lugha. Na anayekosea hivyo hayuko Uganda peke yake. "Discuss about" inasikika Nigeria, inasikika India, na kwingineko Kiingereza kinakofundishwa darasani.

Ndiyo maana nakasirika nikiona jambo hili linatibiwa kwa fimbo ya orodha. Tiba yake ni zoezi moja la dakika chache. Andika ubaoni: "The parents requested a new latrine." Mwambie mtoto aanze sentensi mpya kwa "The parents' request". Atasimama hapo, atasita, kisha atatafuta "for". Acha asite. Kusita huko ndiko kujifunza kwenyewe. Kisha mrudishe: aanze tena na kitenzi, aone "for" inavyoondoka. Kwenda na kurudi, nomino na kitenzi, mpaka ahisi tofauti mdomoni. Watoto wa darasa la tano wanaliweza hili bila kusikia neno "preposition" hata mara moja.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia, "Mzee, tuachie Kiingereza chetu cha Uganda." Ndugu yangu, sijakuja kukuibia. Nakipenda. Mtu wa Kikuubo, soko la Kampala, anaposema "I demand him fifty thousand", hakuna mfanyabiashara pale atakayeuliza anamaanisha nini. Ni okubanja ya Kiganda, ni "namdai elfu hamsini", na kitenzi chetu kinambeba mdaiwa ndani yake bila kihusishi. Lakini siku hiyohiyo mtoto wa mfanyabiashara huyo anafanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, na mwakani huenda akaandika barua ya maombi itakayosomwa na mtu asiyejua okubanja ni nini. Ana haki ya kuwa na Kiingereza cha sokoni na cha barua, na kujua anatumia kipi. Nani atampa cha pili kama siyo sisi?

Twende haraka, naona saa inakimbia. Kuna hatari ya virai kufuatana. Chukueni barua ya kwenda LC1, baraza la kijiji, yenye kichwa "Report on the theft by the chairman". Nani kafanya nini? Mwenyekiti ameandika ripoti, au mwenyekiti ameiba? Kiingereza hakisemi. "By the chairman" inaweza kushika "report" na inaweza kushika "theft". Katani mzizi mapema: "The chairman's report on the theft". Kwenye kijiji chenye ugomvi wa ardhi, kichwa cha barua kama kile kinaweza kumpeleka mtu polisi.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia. "Kikombe cha chai cha mwalimu": kikombe ndicho cha mwalimu. "Kikombe cha chai ya mwalimu": chai ndiyo yake. Silabi moja tu, ngeli imekwisha amua. Mtoto akiiona tofauti hiyo kwa Kiswahili, anaelewa mara moja kwamba kila kirai kina nomino yake, na kwamba Kiingereza kisicho na ngeli kinamlazimisha apange maneno kwa uangalifu. Baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima msingi na sekondari, niliwasikia walimu wa Kiingereza wakisema ni mzigo mwingine. Jamani! Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na kinakuja na upatanisho wa kisarufi ambao ni msaada wa bure kwa somo lenu. Utumieni.

Kuna pia nomino mbili zinazokaa pamoja bila kihusishi. "A bottle of soda" ina soda ndani. "A soda bottle" ni ile unayorudisha dukani. Mtoto anayetumwa dukani kila jioni anaijua tofauti hiyo kabla hujafungua kinywa, mpe tu maneno.

Mpangilio: kinachokamilisha maana ya nomino kikae karibu nayo. "A student of law from Gulu", siyo "a student from Gulu of law". Sielezi zaidi, jaribuni wenyewe.

Na "the list of candidates are on the wall". Nomino inayotawala fungu hilo ni "list", kwa hiyo "is". Mwulizeni mtoto aseme kwa Kiswahili: "orodha ya wagombea imebandikwa". Hawezi kusema "wamebandikwa", ulimi wake utakataa. Basi mwambieni "list" ni ile "orodha" yake.

Nilikuwa na habari ya "in hospital" na "in the hospital", lakini mwenyekiti wa kikao ameshasimama. Nichukue maswali. Tuanze na mwalimu pale nyuma aliyeinua mkono tangu niliposema "discuss about".