Aliye Ndani ya Kinyago: Mhadhara Kuhusu Nani Anapewa Nafasi katika Filamu za Mashujaa na Katuni

Shikamooni wazee wetu. Vijana, habari za jioni. Wa hapa Mtwara mjini karibuni, na ninyi mliopanda basi la alfajiri kutoka Newala, Masasi na Lindi, karibuni zaidi.

Tuanze na lipiko, mvaa kinyago wa ngoma ya Kimakonde, ingawa hapa hakuna wa kuelezwa lipiko ni nini. Mchezaji hufunikwa mwili mzima, kichwani kavaa kinyago, na watazamaji hawatakiwi kumjua ni nani. Lakini hakuna mzee wa Kimakonde atakayekubali kinyago kile avae mpita njia yeyote. Aliye ndani ametoka jandoni na amefundishwa. Tunaanzia hapo kwa sababu kila ukizungumzia katuni utasikia hoja hii: mwigizaji wa sauti haonekani, kuna ubaya gani akiwa yeyote? Watu wa Kusini tumekuwa na jibu la swali hilo kabla sinema haijafika.

Wamarekani jibu hilo liliwachukua miaka thelathini. Katika katuni ya The Simpsons kuna muuza duka wa Kihindi aitwaye Apu. Tangu 1990 alisemewa na mzungu, Hank Azaria, kwa lafudhi ya kuigiza, na watoto wa wahamiaji kutoka Asia ya Kusini wakawa wanataniwa shuleni kwa lafudhi hiyo hiyo. Mchekeshaji Hari Kondabolu alitoa filamu nzima ya kulalamikia jambo hilo mwaka 2017. Januari 2020 Azaria akasema basi. Juni mwaka huo watengenezaji wakatangaza kwamba wahusika wasio wazungu hawatasemewa tena na wazungu. Mwezi huo huo Jenny Slate akaachia nafasi ya Missy, msichana chotara wa katuni ya Big Mouth, na Ayo Edebiri akaichukua.

Tunayaunga mkono mabadiliko hayo. Ila kubadilisha koo pekee hakutoshi ikiwa maneno yanayopita kwenye koo hilo ni yale yale. Cha kuuliza ni hiki: aliye ndani ya kinyago ana ruhusa gani? Anaweza kusimamisha kazi akasema, "Kwetu hatusemi hivi"?

Mfano mzuri kuliko yote ni Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni katika filamu za mashujaa za Marvel. Mwaka 2016, mfalme wake T'Chaka na mwanawe T'Challa walipotokea kwa mara ya kwanza kwenye sinema, John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, ndiye aliyependekeza baba na mwana wazungumze Kixhosa, lugha yake mwenyewe. Wakamsikiliza. Pendekezo la mzee mmoja likawa lugha ya nchi nzima ya kubuni, na filamu ya Black Panther ya 2018 ikalazimika kuwafundisha waigizaji wa Wakanda lugha hiyo. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, naye alisimulia kwamba alikataa T'Challa azungumze kwa lafudhi ya Uingereza au ya Marekani: mfalme wa nchi ambayo haijawahi kutawaliwa aipate wapi lafudhi ya mtawala? Walioogopa kwamba watazamaji hawatavumilia lafudhi ya Kiafrika kwa dakika 134 walipata jibu lao mlangoni, filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Sasa zingatieni: Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, lakini lugha yake imetoka kusini kabisa mwa bara. Sababu ni kwamba aliyekuwepo pale, mwenye heshima ya kusikilizwa, alikuwa Mxhosa. Angekuwepo mzee wa Kilwa, huenda leo dunia nzima ingekuwa inamwamkia mfalme wa Wakanda shikamoo.

Asipokuwepo mtu wa namna hiyo, mambo huenda shaghalabaghala. Storm, shujaa wa kike wa hadithi za X-Men, alianza kuchorwa 1975, mama yake ni Mkenya, jina lake ni Ororo. Sisi tukisikia ororo tunajua ni kitu laini, kama ngozi ya mtoto. Katika filamu ya 2000 Halle Berry, anayemwigiza, anasikika akijaribu lafudhi ya Kiafrika. Katika filamu iliyofuata, 2003, lafudhi imetoweka, na hakuna mhusika anayeuliza imekwenda wapi. Lafudhi ilibandikwa kama ndevu za gundi, ikabanduka.

Hata Black Panther yenyewe haikusalimika. Mzee wa kabila la mtoni ana kisahani kwenye mdomo wa chini, pamoja na suti ya kijani. Ni picha nzuri, hatukatai. Lakini bibi wa Newala akiiona atashangaa, maana ndonya, yaani kisahani cha mdomo, anayoijua yeye ni ya mwanamke, na hukaa mdomo wa juu. Huko Ethiopia pia, kwa Wamursi na Wasuri ambao visahani vyao vya mdomo wa chini ndivyo maarufu, wavaaji ni wanawake. Pambo likichukuliwa bila mwenye pambo, hakuna wa kusema ni la nani na huvaliwa lini.

Kuna kasoro nyingine ambayo katuni kubwa zimeirudia. Mhusika mweusi anapata sauti ya mtu mweusi, kisha mwili wake unaondolewa. Tiana, binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, mwaka 2009, sehemu kubwa ya filamu ni chura. Joe wa filamu ya Soul, 2020, muda mrefu ni roho ya rangi ya buluu au yumo ndani ya paka. Kila hadithi ina sababu zake, lakini mtoto anayehesabu dakika ambazo amemwona mtu anayefanana naye anapata chache. Mkiandika hadithi, hesabuni dakika hizo kwa saa, msizikisie. Miles Morales, kijana mweusi wa katuni ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, 2018, anabaki mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na wachoraji walitumia hata kasi ya picha kumweleza: mwanzoni anachorwa mikao 12 kwa sekunde huku Peter Parker, Spider-Man mzoefu, akipewa 24, hivyo ugeni wake unauona kwenye miguu kabla hajafungua mdomo.

Huku kwetu barani kazi imeanza. Katuni ya Supa Team 4 ya Malenga Mulendema, Mzambia, ilitoka 2023 na mashujaa wake ni wasichana wanne wa Lusaka. Dar es Salaam, katuni ya watoto ya Ubongo Kids ilianza 2014, na baadaye akaja Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro.

Tuyaseme na ya nyumbani. Katika vichekesho na filamu zetu za Kiswahili, Mmakonde ni nani? Ni mlinzi wa getini. Anachekesha kwa kuongea. Waigizaji huchukua sauti mbili tatu za watu wa huku, wakazivuta mpaka zikatike, na ukumbi ukacheka. Anayecheka Apu na anayecheka mlinzi huyu wanacheka kitu kimoja. Na inauma zaidi kwa sababu aliyeandika anajua Kiswahili, hana kisingizio cha umbali.

Kwa hiyo twende kwenye karatasi, kwa sababu kosa huanzia hapo, siku nyingi kabla ya usaili. Kila mhusika huandikiwa maelezo mafupi ya kutafutia mwigizaji. Ya kawaida husomeka hivi: "Mlinzi. Mmakonde, miaka 40, mcheshi, Kiswahili kibovu." Maneno hayo machache yameshafunga mlango. Yaandikeni upya: "Chitanda, miaka 38 hadi 45, mlinzi wa ghala la korosho. Anajua nani anaiba na anaogopa kusema. Kiswahili chake ni cha Tandahimba, hakifanyiwi mzaha." Mmeona? Kazi ni ile ile na kwao ni kule kule, ila sasa ana jina, ana anachokijua na ana anachokiogopa. Mwigizaji ana cha kushika.

Kisha pitieni wahusika wote, na kwa kila mmoja mjiulize: hadithi itavunjika akiwa mwanamke? Akiwa mzee? Akiwa kiziwi? Isipovunjika, futeni sharti hilo. Filamu ya Eternals ya 2021 ilimpa Lauren Ridloff, ambaye ni kiziwi, nafasi ya shujaa mwenye mbio kuliko wote, na hadithi haikuhitaji kumhurumia. Pale ambapo asili ya mhusika ndiyo hadithi yenyewe, andikeni wazi, mtafute mtu wa asili hiyo. Msiandike "yeyote" kwa uvivu, kwa sababu "yeyote" kwa kawaida huishia kwa aliyezoeleka.

Usaili wa sauti fanyeni bila sura. Kipande kiwe cha sekunde 60 hadi 90, na kila mtu akisome mara tatu: kwanza atakavyo, kisha kwa maelekezo yenu, mwisho kwa kunong'ona, maana kunong'ona humfichua anayepiga kelele tu. Mafaili yapewe namba badala ya majina. Wasikilizaji wawe watatu, mmoja wao mzaliwa wa sehemu anayotoka mhusika, na kila mmoja aandike alama zake kabla ya mtu kufungua mdomo. Hapa pana mtego: kusikiliza bila sura hakuondoi upendeleo wa masikio. Sauti ya Dar es Salaam huitwa "safi" kwa sababu ndiyo ya redioni. Basi ondoeni neno "safi" kwenye karatasi ya alama, wekeni mambo mawili: maneno yameeleweka? Nimemwamini?

Wanaotuma video ya usaili kwa simu wasikae dirisha likiwa nyuma yao. Simu hupima mwanga wote wa fremu, ikiona dirisha jeupe hupunguza mwanga, na uso mweusi unakuwa kivuli. Kaa mlangoni, kivulini, ukitazama nje, gusa uso wako kwenye kioo cha simu ushikilie mpaka kipimo kijifunge. Shuka jeupe mapajani litarudisha mwanga chini ya kidevu. Mafuta kidogo usoni yanasaidia, kwa sababu ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa mng'ao wake. Msiwape poda ya kuua mng'ao wote.

Kurekodi. Zimeni feni na friji. Bodaboda ni adui, hivyo alfajiri ni bora, na mvua ikianza kwenye bati pumzikeni. Magodoro mawili yasimamishwe nyuma na ubavuni mwa msemaji, blanketi juu ya meza. Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni, na mbele yake soksi ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya, ili "p" na "b" zisipige kishindo. Kilele cha sauti kisizidi desibeli hasi 6, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki. Rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba, mtazihitaji kuziba mapengo. Kelele za mapigano, na mashujaa hawaishi kupiga kelele, ziwe za mwisho: mkianza nazo, koo linakwaruza na mazungumzo yote yanaharibika.

Mkiingiza Kiswahili kwenye katuni iliyokwisha kuchorwa, midomo ndiyo bosi. Tazameni sehemu ambazo midomo inafungana: p, b na m. Chukueni neno "Stop!" Kinywa kinaviringa kwa "o", kisha midomo inagongana kwa "p". "Simama!" inafunga midomo mara mbili, haikai. "Acha!" haifungi kabisa. "Koma!" ina "o" na ina "m", inakaa vizuri, na kwa adui wa shujaa ukali wake ni sawasawa. Urefu nao: "We need to go now" ni silabi tano. "Tunahitaji kuondoka sasa" ni kumi na moja, msemaji atakimbizwa kama anauza nyanya stendi. "Twende zetu" ni nne, na ndivyo mtu anavyosema. Hapa ndipo ruhusa ya aliye ndani inapoonekana kwa macho: mpeni mwigizaji muswada wenye nafasi tupu chini ya kila mstari, aandike yeye angesemaje, na mwongozaji asome yale kabla ya kuwasha maiki.

Mwisho ni mkataba, na tafadhali uwe wa maandishi hata kama mwongozaji ni binamu yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kama mwenye haki katika uigizaji wake, na ofisi ya kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Andikeni sauti itatumika kwenye kazi ipi, kwa lugha ipi, kwa muda gani, na malipo yakoje ikitumika kwenye tangazo au mchezo wa simu. Wekeni mstari unaosema sauti isinakiliwe wala kufundishiwa akili mnemba bila ridhaa nyingine ya maandishi. Na jina la aliyesema liandikwe mwishoni mwa filamu, kwa herufi zinazosomeka, karibu na jina la mhusika wake.

Sasa tupokee maswali. Tuanze na kina dada wa safu ya nyuma, wamenyoosha mikono tangu kwenye ndonya.