Anayeviziwa ni Mpiga Mbiu

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja ukumbini, tena wakati huu ambao Newala nzima masikio yako kwenye mnada wa korosho.

Mimi ni mtu wa maabara. Napokea ile chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, naigeuzageuza taratibu ili damu isigande, naiweka kwenye mashine, nasoma namba. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kadi zenu: CD4. Nimeona watu wakitoka kliniki wakicheka kwa sababu yake, na wengine wakilia, bila kuambiwa hasa kinachohesabiwa ni nini.

CD4 ni aina ya seli nyeupe za damu, na ndizo VVU huzishambulia; tumezoea kuziita askari wa mwili. Si kosa, ila naona jina hilo linatupoteza kidogo. Kinga ina wengi ndani yake. Ziko seli za CD8, hizo ndizo zinazoua seli iliyokwisha kuingiliwa na virusi. Ziko seli B, zinazotengeneza kingamwili. Kazi kubwa ya CD4 ni kuita. Ikimtambua adui, inatoa kemikali za kuziamsha hizo nyingine. La mgambo likilia kuna jambo, na mpiga mbiu wa mwili ni huyu.

VVU vinamvizia yeye. Hiyo CD4 yenyewe ni alama iliyo juu ya seli, na kirusi hujishika hapo, kikatafuta na mlango wa pili, mara nyingi ule uitwao CCR5. Kikishaingia, hugeuza maandishi yake yafanane na vinasaba vyetu, kisha huyapachika katikati ya vinasaba vya seli. Tangu hapo, seli ile ikiamka kufanya kazi, inazaa virusi. Hili huniuma kila nikilifikiria: mwili unapoita msaada, adui ndipo anapoongezeka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonileta. CD4 zilizomo kwenye damu ni sehemu ndogo sana ya zote. Nyingi zimekaa kwenye tezi, hizi zinazovimba tukaita mitoki, na kwenye ukuta wa utumbo, ambako chakula na vijidudu hupita kila siku. Katika wiki chache za mwanzo VVU huteketeza sehemu kubwa ya CD4 za utumboni. Wiki chache tu! Mwenyewe labda alipata homa na koo likamuuma, akadhani malaria, akapona, akarudi shambani kupalilia. Huku ndani ukuta wa utumbo umeshaanza kuvuja. Vipande vya bakteria vinapenya hadi kwenye damu, na mbiu inalia usiku na mchana, miaka. CD8 huongezeka kwa wingi, kisha nazo zinachoka. Na CD4 nyingi zinazokufa hazikuzaa hata kirusi kimoja: kirusi kiliingia kikakwama, seli ikahisi hatari ikajipasua, na kule kujipasua kukawaita wenzake waje mahali palepale pa kufia.

Mtu mzima mwenye afya ana CD4 500 hadi 1,500 katika tone la milimita moja ya ujazo, kama kichwa cha pini. Asipotumia dawa, wengi huchukua miaka 8 hadi 10 kabla ya kushuka chini ya 200 na kuingiliwa na homa ya uti wa mgongo ya fangasi, nimonia na mengineyo. Kifua kikuu hakisubiri hata namba hiyo. Zamani tulimwambia mtu asubiri CD4 zishuke ndipo aanze dawa. Tangu 2016 hapa Tanzania anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kungoja namba.

Naam, mzee, uliza.

Mzee anauliza: kama vidonge vimevifubaza virusi hadi kipimo hakivioni, kwa nini mtu asiache?

Mzee wangu, wewe unapulizia salfa mikorosho yako. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukiisha kwenye maua, umekwisha kwenye mti? Unabaki kwenye machipukizi ya ndani, kivulini, unangoja msimu. VVU navyo vina kivuli chao: CD4 zenye kumbukumbu ya maadui waliopita, zilizolala. Seli iliyolala haizai virusi, na dawa zetu huzuia kirusi kinapozaliana, kwa hiyo haziigusi. Ukiacha vidonge, chache zikiamka zinatosha. Kwa wengi, wiki 2 au 3 tu virusi vinaonekana tena kwenye damu.

Kuna mama aliyeniruhusu nimtaje bila jina. CD4 zake zilikuwa 612. Akahamia kambi ya shambani msimu wa korosho, vidonge vikabaki nyumbani, msimu mmoja ukawa miwili. Aliporudi, chupa yake niliipokea mimi: 274. Nilirudia kipimo, nikitumaini mashine imekosea. Haikukosea.

Amerudi kwenye dozi. Mwezi uliopita zilikuwa 455, na virusi havionekani. Hiyo ni namba ya damu. Utumbo wake sina mashine ya kuuhesabu.