Saa ya Mangwe: Kutafuta na Kuhudhuria Kikundi cha Kuacha Pombe

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Karibuni mbele, viti vya nyuma vina jua.

Kabla ya kikundi, hospitali. Mtu anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono humtetemeka hadi apate kikombe cha kwanza, asikatize pombe peke yake nyumbani. Saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, jasho humtoka na moyo humwenda mbio. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne ndiyo huja homa, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na hapo watu hufa. Hali hiyo vijana huiita arosto, wakaifananisha na ile ya unga, yaani heroini. Wanakosea: ya unga hutesa sana lakini ni nadra kuua, ya pombe huua. Hospitali ya Malindi iko hapa hapa. Apewe dawa ya kutuliza mwili na vitamini B1, na daktari aambiwe kiasi halisi anachokunywa, asipunguze kwa haya.

Haya, kikundi utakipata wapi? Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, useme uko Malindi, Watamu au Gede. Muulize pia muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Ukipewa mahali, piga simu siku ile ile kabla ya kupanda tuktuk, kwani vikundi huhama ukumbi, na Ramadhani saa hubadilika. Uliza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata jamaa huingia, au ni wa wale tu wanaotaka kuacha pombe. Uliza lugha: Kiswahili, Kigiriama au Kiingereza? Kisha uliza saa.

Na hapa kwenye saa naomba mnisikilize. Mnazi, ile pombe ya kugema, wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umeshachacha na una nguvu, na mangwe, yaani kilabu cha mnazi, hujaa watu wanapotoka kazini. Kikundi kinachokutana Jumamosi saa nne asubuhi ni kizuri, lakini kiu ya mnywaji saa hiyo imelala. Mimi ningechagua kikundi kidogo, chenye viti vibovu, kinachokutana saa kumi na moja jioni, nikaacha kile kikubwa cha asubuhi. Mfanyakazi wa hoteli atazame shifti yake, hasa msimu wa wageni. Mvuvi atazame maji: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huenda asiwepo, basi aage mapema asidhaniwe amerudi kunywa.

Vikundi vya AA, yaani Alcoholics Anonymous, vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935. Sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha pombe. Hakuna ada. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni hadaiwi kitu. Wengine wakiona mkutano uko ukumbi wa kanisa hurudi mlangoni, hasa sisi Waislamu. AA si tawi la kanisa, huazima au hukodi chumba tu. Dua ikisomwa usiyoizoea, nyamaza, hakuna atakayekuuliza.

Siku ya kwanza fika dakika kumi mapema. Jina moja linatosha. Ukifikiwa zamu, sema, "Leo nasikiliza tu," na zamu itapita. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mtu akisema hakatizwi wala hapewi nasaha, na wageni wengi hukosea hapo, maana sisi tumezoea baraza, kila mtu ana neno lake. Aliyekuja amelewa kwa kawaida huruhusiwa kukaa, ila huombwa asizungumze.

Mji wetu mdogo. Utamkuta jirani, pengine shemeji. Naye kaja kwa shida ile ile. Ukikutana naye sokoni, msalimu kama siku zote. Usimuulize mbele ya watu, "Mbona Alhamisi hukuonekana?" Hapo umeshamvua nguo.

Wengi huhudhuria mara moja, wakasema hakiwafai. Jaribu mara sita, na ikiwezekana vikundi viwili. Omba namba ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa, umpigie kabla ya kikombe. Baada yake mazungumzo huwa ya mlevi. Panga na njia ya kurudi: tuktuk ikipita mbele ya mangwe, teremka mapema au rudi na mwenzako. Na msikopeshane pesa, deni humfukuza mtu kuliko kiu. Ukiteleza ukanywa, rudi mkutano unaofuata. Kama hakuna kikundi karibu, AA yenyewe inatambua watu wawili au watatu kuwa kikundi. Ipo pia mikutano ya simu, bora uwe na bando.

Naam, mama pale nyuma anauliza: mume hataki kusikia, afanyeje? Mama, jamaa wa wanywaji wana mikutano yao iitwayo Al-Anon, tangu 1951, na unaweza kwenda hata yeye asipoacha. Ila usimfungie chumbani wala usimmwagie mnazi wake wote usiku mmoja. Kama ni mnywaji wa kila siku, yale niliyoyataja mwanzo yatamkuta humo ndani, nawe uko peke yako. Mpeleke kwa daktari kwanza.