Mrithi Halisi wa Vikaragosi vya Spitting Image

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu na wanafunzi,

Kipindi cha Spitting Image kilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha ITV nchini Uingereza mwezi Februari 1984, kikakoma mwaka 1996. Vikaragosi vyake vya mpira, vilivyobuniwa na Peter Fluck na Roger Law, vilikuwa na sura za wanasiasa, jamaa wa familia ya kifalme na watu mashuhuri, zikiwa zimetiwa chumvi mpaka pua au sikio likawa hoja kamili. Leo nitazungumzia vipindi vilivyozaliwa nacho pamoja na kile kilichofufuliwa kwa jina lake mwaka 2020, na rai yangu ni kwamba mrithi halisi si yule aliyepewa jina.

Kikaragosi cha aina hii huanza kwa udongo. Mchongaji akisharidhika na sura, hutengenezwa kalibu ya plasta, povu la mpira likamiminwa humo na kuokwa, kisha hutiwa rangi, macho na nywele. Mbele ya kamera huhitaji watu wawili: mmoja huchezesha mdomo kwa mkono mmoja, huku mkono wake wa pili ukiwa ndio mkono wa kikaragosi, mwenzake hutoa mkono uliobaki na kuzungusha macho. Kazi hiyo ni ghali na ya taratibu, ilhali siasa haimsubiri mtu, na kwa sababu hiyo watengenezaji wa awali walirekodi baadhi ya vichekesho karibu kabisa na saa ya kurushwa hewani.

Makali ya kipindi yalitoka hapo, na pia katika ukaribu wake na watazamaji. David Steel, kiongozi wa chama cha Liberal, alioneshwa kama kijitu kinachochungulia kutoka mfukoni mwa David Owen, mshirika wake katika muungano wa vyama viwili. Taswira hiyo ilimganda, naye mwenyewe akaja kukiri kwamba ilimdhuru kisiasa.

Ufaransa ilifuata mwaka 1988 na Les Guignols de l'info cha kituo cha Canal+, na Urusi mwaka 1994 na Kukly cha kituo cha NTV. Mwaka 2000 Kukly kilimfananisha Vladimir Putin na kibwengo wa hadithi ya Hoffmann, mwandishi wa Kijerumani, ambaye kwa uchawi watu humwona mzuri. Mwaka uliofuata kituo kilitwaliwa na Gazprom, kampuni ya gesi iliyo chini ya serikali, na mwaka 2002 kipindi kikakoma. Cha Ufaransa kiliuawa kwa upole zaidi. Bilionea Vincent Bolloré alipoishika Canal+ mwaka 2015, waandishi wake wakuu waliondolewa na kipindi kikawekwa kwa waliolipia pekee, nacho kikadhoofika hadi kufungwa mwaka 2018.

Kwa hiyo nilishangaa kuona Spitting Image kikifufuliwa mwaka 2020 kupitia BritBox, huduma ya mtandaoni ya kulipia. Roger Law alirudi kazini, na vikaragosi vya Donald Trump, Boris Johnson na mwanaharakati wa mazingira Greta Thunberg vilichongwa kwa ustadi ambao sina budi kuusifu. Hata hivyo, kipindi kililenga watazamaji wa dunia nzima, kikawa kinamdhihaki kila mtu bila kuwa jirani wa yeyote. Baada ya misimu miwili kilisimama.

Linganisheni na The XYZ Show, kilichoanza Kenya mwaka 2009 kwenye Citizen TV. Mwasisi wake, mchora katuni Gado, mzaliwa wa Tanzania, alivutiwa waziwazi na mfano wa Uingereza na wa Ufaransa, lakini alichochukua kwao ni ufundi wa mpira na ujasiri tu. Mambo mengine yote yalitoka nyumbani. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007 yalikuwa bado mabichi, na Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakiongoza pamoja serikali ambayo wananchi wenyewe waliibatiza jina la nusu mkate. Vikaragosi vya wakubwa hao wawili viliingia sebuleni bila malipo, katika nchi ambayo miaka michache tu kabla ya hapo kumkejeli rais hadharani kulikuwa na gharama kubwa, na mtazamaji wa Kisumu au Nyeri hakuhitaji kuelezwa ni kwa nini wanavutana. Gado hakuwa na idhini ya kutumia jina la Spitting Image, wala hakulihitaji.