Tusiyatazame Mashoka Peke Yake: Mhadhara Kuhusu Olorgesailie

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja licha ya msongamano wa barabarani.

Wengi wenu mmewahi kuelekea Magadi. Ukitoka Kiserian, ukapita Corner Baridi, barabara inateremka Bonde la Ufa, na kama kilomita 70 kutoka hapa Nairobi unafika Olorgesailie, eneo lenye vifaa vya mawe vya watu wa kale. Wengi hupita bila kusimama.

Wanaosimama hukimbilia mashoka ya mkono, nami siwalaumu. Wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walipofanya kazi pale miaka ya 1940, mashoka yalikuwa yametapakaa ardhini kwa mamia. Mengi yaliachwa palepale, na mpaka leo unayaona ukisimama kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa. Litazame moja kwa utulivu. Ni jiwe la volkano, zito, linakijaza kiganja na kuzidi, limechongwa pande zote mbili mpaka likachongoka. Kila kovu ni pigo moja. Ukiyafuata makovu hayo unaona jinsi mchongaji alivyopiga, akaligeuza jiwe, akapiga tena. Umbo alilolitaka alikuwa nalo kichwani kabla hajaanza.

Sasa lipo jambo linaloninyima usingizi. Mashoka ya namna hii yalichongwa pale tangu miaka milioni 1.2 iliyopita hadi karibu miaka 500,000 iliyopita, na muda wote huo hayakubadilika sana. Miaka 700,000, ndugu zangu! Kisha tunafika kwenye tabaka za miaka 320,000 iliyopita na kukuta mambo mengine kabisa: vifaa vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, ncha za kufungwa kwenye mpini, mawe ya kutolea rangi nyeusi na nyekundu; hii nyekundu ndiyo ngeu. Kuna pia obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo baadhi yake lilitoka umbali wa kilomita 95.

Nini kilitokea katikati? Pale Olorgesailie penyewe mmomonyoko ulizoa tabaka za miaka kama 180,000. Mashoka hayawezi kutujibu. Inabidi kuuliza udongo.

Mwaka 2012, kikundi kilichoongozwa na Rick Potts wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani, kikishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kilichimba kwa mtambo katika bonde la Koora, si mbali na pale. Kilitoa mche wa udongo wenye upana wa sentimita 4 tu, lakini urefu wa mita 139. Ndani yake mna historia ya miaka milioni moja hivi.

Unasomwaje? Kwanza, umri. Majivu ya volkano yana fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Joto la mlipuko hufukuza agoni ya zamani. Jivu likipoa, hesabu inaanza upya. Tunapima gesi iliyojikusanya, tunapata miaka. Pili, maji. Udongo mweupe mnaouona kule ni maganda ya diatomu, viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho. Wapo wanaopenda maji matamu na wapo wanaostahimili chumvi. Wapo wa kina kirefu na wa maji machache. Ukiwajua waliokufa katika tabaka fulani, umelijua ziwa lao.

Jibu la mche huo ni hili: kwa muda mrefu sana maji yalikuwa ya kutegemewa. Halafu, kama miaka 400,000 iliyopita, ardhi ya Bonde la Ufa ikapasuka, mabonde makubwa yakagawanyika kuwa madogo, na maji yakawa ya kuja na kutoweka. Nyasi zilistawi, zikarudi nyuma, zikastawi tena. Wanyama wakubwa waliozitegemea, wakiwamo nyani wakubwa mno na tembo wa jamii iliyokwisha kutoweka, hawakudumu.

Wapo wanaosema mbuga ya nyasi ndiyo iliyotufanya watu. Mimi sikubaliani nao. Nyasi zilikuwapo enzi za mashoka, na mashoka hayakubadilika. Kilichopotea ni uhakika. Asiyejua mwakani maji yatakuwa wapi anahitaji watu wa mbali wanaomfahamu. Mfugaji wa Kajiado halihitaji somo hili: ukame ukizidi, mifugo huelekezwa kwa jamaa walikonyeshewa. Ndivyo ninavyoisoma ile obsidiani: jiwe limesafiri kwa sababu watu walifahamiana.

Watu wenyewe bado wametuficha sura. Katika mashoka yote hayo, binadamu tuliyempata ni vipande vya fuvu moja dogo, vilivyogunduliwa mwaka 2003, vyenye umri wa miaka zaidi ya 900,000. Wale wa ngeu na obsidiani hawajatuachia mfupa pale. Wenzao wa takriban wakati huo tunawajua kutoka Jebel Irhoud, Moroko.

Kwa hiyo mkienda, mwombeni anayewaongoza awaonyeshe tabaka nyeupe kwanza, mashoka baadaye. Na jiwe lolote mtakaloliona limelala, liacheni lilipo. Likishatolewa kwenye tabaka lake, hakuna maabara itakayoweza kulirudishia umri wake.

Sasa napokea maswali.