Soma Mtutu Kabla ya Kuuliza Bei

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za asubuhi. Naona wengi mnaotaka kununua bunduki ya marisau, ile inayorusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja, kwa mara ya kwanza mmekuja na picha kwenye simu. Zirudisheni mfukoni kwanza. Bunduki mtainunua mara moja, risasi mtazitafuta maisha yenu yote. Kwa hiyo mimi naanzia kwenye rafu ya risasi, bunduki itafuata.

Habari za kibali sitazichambua. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo, na polisi wa wilaya yako watakueleza fomu na ngazi zake. Nasema mawili tu. Usilipe hata arubuni kabla kibali hakijatoka. La pili, leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kuwinda. Hata nguruwe pori anayekumalizia mihogo, anzia kwa afisa wanyamapori.

Sasa geji. Nyote mmenunua bati, mnajua geji 28 ni nene kuliko geji 32. Bunduki nayo ni hivyo hivyo: namba ikipanda, tundu linapungua. Hesabu hii ni ya zamani. Ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa goroli 12 zinazolingana, goroli moja ndiyo kipimo cha tundu la geji 12, yaani milimita 18.5 hivi. Geji 20 ni kama milimita 15.6. Ushauri wangu ni geji 12, na sababu yake haina mbwembwe: duka lenye risasi za marisau, za 12 ndizo huwa za kwanza kuwepo. Geji 16 ni tamu mkononi, sikatai, lakini utamu huo huisha siku unapozunguka mji mzima ukitafuta boksi moja.

Hapa naomba msikilize vizuri. Risasi ya geji 20 ukiitia kwenye mtutu wa geji 12, haibaki mlangoni. Inateleza, inapita chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu kinachokaa risasi, inakwama pale mtutu unapoanza kubana. Ukitazama haraka unaona chemba tupu. Unadhani umesahau kujaza, unatia ya 12 nyuma yake, inaingia bila shida, bunduki inafunga. Ukivuta triga, mtutu unapasuka, na unapasukia palepale mkono wako wa mbele ulipo. Ndiyo maana viwanda vina desturi ya kutengeneza ganda la geji 20 kwa rangi ya njano. Ukiona ganda la njano kwenye mfuko wa koti lako la geji 12, simama, lichomoe, jiulize limetoka wapi.

Ndugu yake hatari hiyo ni urefu wa chemba, na huyu ni mjanja zaidi. Kwenye bunduki nyingi za Ulaya mtasoma 12/70 au 12/76. Namba ya pili ni milimita za chemba. Za Kiingereza huandikwa kwa inchi, na zile za kizamani nyingi ni inchi mbili na nusu, yaani 65. Boksi la risasi nalo lina namba hiyo, lakini inapima ganda likiwa limeshafyatuliwa, mdomo wake umekunjuka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa ndani, ganda ni fupi. Kwa hiyo risasi ya 76 inaingia kwenye chemba ya 70, na bunduki inafunga kama kawaida. Hakuna kitu kitakachokuonya. Ukifyatua, mdomo unakosa nafasi ya kukunjuka, njia inabanwa, na shinikizo linapanda kuliko ule mtutu ulivyopimwa. Fupi ndani ya chemba ndefu, sawa. Ndefu ndani ya chemba fupi, hapana, hata kama muuzaji anaapa kwamba babu yake alifanya hivyo.

Kwa hiyo bunduki kuukuu ukiletewa, hakikisha haina risasi, kisha usome mtutu. Tafuta geji, urefu wa chemba, na mihuri ya upimaji. Linganisha namba ya silaha na nyaraka za muuzaji. Vua mtutu, uelekeze kwenye mwanga, uangalie ndani: kivuli cha pete kinaashiria mtutu ulivimba, achana nao. Ukiona michirizi ya msokoto kwenye chuma, kama ya Damascus, hiyo huenda ni ya enzi za baruti nyeusi. Itundike ukutani kama leseni yako inaruhusu pambo, ila risasi za leo usiijaribie. Mimi kwa mtu anayeanza napenda mitutu miwili ya kukunja, hata Baikal ya Urusi isiyo na urembo wowote. Ukiikunja, kila mtu aliye karibu anaona kama ina kitu au haina.

Marisau yenyewe nayo yana namba, ikipanda chembe inapungua, na namba zinadanganya. Namba 6 ya Kiingereza ni chembe za milimita 2.6, kama 270 kwa wakia moja, yaani gramu 28. Namba 6 ya Kimarekani ni kubwa kidogo, kama milimita 2.8. Ukiona milimita zimeandikwa kwenye boksi, fuata hizo. Kwa njiwa na kwale, 7 au 6 inatosha. Kanga ana manyoya mazito na hafi kirahisi, mpe 5 au 4. SSG, yale marisau makubwa, ni chembe 15 tu kwa wakia, kwa hiyo zikitawanyika mnyama anapita katikati yake. Hiyo ni ya karibu sana, na mnyama mkubwa hapigwi kwa matumaini.

Choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatawanyike kiasi gani, msiibishanie. Bandika karatasi pana kwenye kichuguu, piga kutoka mita 35, hesabu matundu. Karatasi itakwambia zaidi ya fundi yeyote.

Naam, mama pale nyuma? Anauliza kama geji 20 haimfai, kwa sababu ya 12 inampiga bega. Inakufaa, mama, ila kwanza mwone fundi apime kitako, mara nyingi ndicho kirefu. Kikishapimwa na bado inakuumiza, jaribu risasi zenye marisau ya gramu 24 au 28 badala ya 36. Ukichukua ya 20 na mzee nyumbani ana ya 12, basi risasi zikae kwenye makasha mawili yenye kufuli, mbali na bunduki zote mbili, na kila mtu ashike ufunguo wake.